UZI: Mbwa mwenye mzio na nyama mbichi: tuchague mnyama kwanza, ubichi baadaye

MfugajiWaMukono ameanzisha uzi:

Ndugu wafugaji, salaam kwenu. Katika miezi ya karibuni nimewaona wafugaji wengi wa Kampala, Entebbe, Jinja na hata Mbarara wakiwahamishia mbwa wao kwenye nyama mbichi kwa sababu mbwa hao wanajikuna usiku kucha, wanalamba vidole mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu, au masikio yao yanatoa uvundo kila baada ya wiki chache ingawa dawa zimetumika. Wengine wamepata nafuu, wengine wametumia fedha nyingi bila mabadiliko yoyote, na wapo ambao mbwa wao wameishia kuharisha damu. Tunauliza kama nyama iwe mbichi au iliyopikwa, ilhali kwa mbwa mwenye mzio jambo linaloamua ni nyama ya mnyama gani.

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini isiyo na madhara kuwa adui. Aghalabu protini hiyo ni ya chakula ambacho mbwa amekila mara nyingi, pengine kwa miaka, na si ya chakula kigeni. Mbwa ambaye mwili wake unaikataa nyama ya ng'ombe ataikataa ikiwa mbichi, ikiwa imechemshwa, na ikiwa imesagwa na kufichwa ndani ya chakula kikavu cha mfuko. Ni kweli kwamba joto hubadili umbo la baadhi ya protini, lakini mabadiliko hayo hayatabiriki, na hakuna mfugaji anayeweza kuyategemea kama tiba.

Kwa nini basi baadhi ya mbwa hupona wanapoanza kula mbichi? Tazameni kilichobadilika siku hiyo. Mbwa aliyekuwa akila chakula kikavu cha kuku na ngano anahamishiwa nyama ya mbuzi. Kuku ameondoka, ngano imeondoka, rangi na ladha za kiwandani zimeondoka, na hata utitiri unaozaliana ndani ya mfuko uliofunguliwa umeondoka. Nafuu inakuja, na sifa yote inapewa ubichi. Mfugaji wa pili anasikia habari hiyo, anamnunulia mbwa wake shingo za kuku mbichi, na kwa kuwa mbwa huyo ana mzio wa kuku, hali inazidi kuwa mbaya. Wote wawili wamebadili chakula, ila mmoja tu ndiye aliyeondoa kizio, yaani protini inayoamsha mzio.

Mwaka 2016 wataalamu wa ngozi za wanyama walikusanya taarifa za mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na bidhaa zake asilimia 17, kuku asilimia 15, ngano asilimia 13, soya asilimia 6 na kondoo asilimia 5. Samaki na nguruwe walikuwa chini kabisa, takriban asilimia 2 kila mmoja. Orodha hiyo haisemi kwamba nyama ya ng'ombe ni mbaya kwa asili yake. Inaonyesha kile ambacho mbwa hao walilishwa zaidi. Kwetu hapa, ambako mbwa wengi hukuzwa kwa posho (ugali) na mukene (dagaa), matumbo ya ng'ombe na mabaki ya mezani, historia ya mbwa wako mwenyewe ina uzito kuliko orodha yoyote iliyochapishwa.

Kabla ya kugusa sufuria, hata hivyo, tafadhali hakikisheni kwamba tatizo ni chakula. Uganda iko kwenye ikweta, mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, na hatuna kipupwe kikali cha kuwaua viroboto, kwa hiyo wako nasi mwaka mzima. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu ili ajikune kwa siku nyingi, na mara nyingi hutamuona kiroboto mwenyewe kwa sababu mbwa amekwisha kumlamba na kummeza. Dalili yake hukaa zaidi mgongoni karibu na mkia. Ukurutu huanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, na unaweza kuwawasha hata watu wa nyumbani. Huko Busoga na kwingineko vijijini, mbwa anayetafuna vidole anaweza kuwa na funza tu. Tena kuna mzio wa mazingira, hasa wa utitiri wa vumbi la nyumbani, ambao dalili zake hufanana na za mzio wa chakula kiasi kwamba hata daktari hawezi kuzitofautisha kwa macho. Mzio wa chakula huwasha vidole, masikio, makwapa, tumbo na sehemu ya kuzunguka njia ya haja bila kujali msimu, na mara nyingine huambatana na kinyesi laini au kwenda haja zaidi ya mara tatu kwa siku. Kati ya mbwa wote wanaojikuna, wenye mzio wa chakula ni wachache. Kwa hiyo anzeni na dawa ya viroboto na uchunguzi wa ngozi kwa daktari wa mifugo. Wenye nafasi ya kufika Kampala wanaweza kwenda kwenye chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere, na walio mbali wamtafute daktari anayezoea mbwa na si ng'ombe peke yake.

Baada ya hapo ndipo huja kazi yenyewe, yaani lishe ya kuondoa. Kaa chini na uandike kila kitu ambacho mbwa amewahi kula: nyama, samaki, nafaka, maziwa, biskuti, hata vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya nyama. Kisha chagua mnyama mmoja ambaye hayumo kabisa katika orodha hiyo, na chakula kimoja cha wanga ambacho nacho hakimo. Kwa wengi wetu sungura hufaa sana. Kanga hufaa pia, na ngege (sato) au kambare hufaa kama mbwa hakukulia kando ya ziwa akila vichwa vya samaki. Kwa wanga, viazi vitamu hufaa, na muhogo pia, mradi umemenywa na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa muhogo mbichi una sumu. Mbwa ale vitu hivyo viwili tu, pamoja na maji, kwa wiki 8. Mbwa wengi wenye mzio wa chakula huonyesha nafuu ndani ya wiki 5, lakini wapo wanaochelewa, na kuacha mapema kunaharibu kazi yote.

Katika wiki hizo 8 mimi nasisitiza nyama ipikwe. Mbwa aliyeanza nyama mbichi akiharisha wiki ya pili, hutajua kama amekataa sungura au amepata bakteria wa salmonela kutoka kwenye nyama hiyo. Zaidi ya hayo, mbwa wengi wanaojikuna wamepewa prednizoloni au dawa nyingine za kutuliza mwasho, na dawa hizo hushusha kinga ya mwili. Kumpa mbwa wa namna hiyo nyama mbichi ni kumfungulia mlango mgonjwa ambaye mlinzi wake amelala.

Wiki 8 zikiisha na mbwa akiwa ametulia, mrudishie chakula chake cha zamani, kimoja kimoja, na umtazame kwa muda wa hadi siku 14 kwa kila kimoja. Akirudia kujikuna, umekipata kizio. Watu wengi hawapendi hatua hii, kwa sababu inaumiza kumrudisha mnyama kwenye mateso aliyotoka, lakini bila hiyo huwezi kujua kama ni chakula kilichomponya au ni dawa ya viroboto uliyompa wiki ileile. Na akianza kujikuna tu, unaacha papo hapo. Hakuna haja ya kungoja vidonda.

Ukikifahamu kizio, ndipo sasa swali la ubichi lina maana. Maswali yenu nitayajibu kadiri ya uwezo wangu.

MamaBabirye wa Mbale ameandika:

Nakushukuru sana, ndugu yangu, kwa maelezo haya. Mbwa wetu alithibitishwa kuwa na mzio wa nyama ya ng'ombe, nasi tukahamia nyama ya mbuzi, ambayo tunainunua bucha na kumpa ikiwa mbichi. Mwezi wa kwanza alipata nafuu nzuri, kisha kujikuna kukarudi, ingawa si kwa ukali wa zamani. Hatumpi ng'ombe kabisa, na viroboto tumewadhibiti. Je, yawezekana kwamba sasa amepata mzio wa mbuzi pia?

MfugajiWaMukono amejibu:

Mama Babirye, pole sana kwa mahangaiko hayo. Yawezekana, lakini kuna mambo mawili ambayo ningeyatazama kwanza.

Jambo la kwanza ni gogo la bucha. Katika bucha nyingi zetu, gogo lilelile na panga lilelile hukata ng'ombe asubuhi na mbuzi mchana, na nyama ya kusaga hupita katika mashine ambayo haijaoshwa tangu ng'ombe apite humo. Kwa mbwa wa kawaida hilo halina uzito. Kwa mbwa mwenye mzio, mabaki hayo madogo yanaweza kutosha kuendeleza mwasho wa kiasi kidogo usiokwisha, kama huo unaoueleza. Tatizo hili lipo hata katika vyakula vya viwandani vya nchi za nje: wachunguzi wamepima mara kadhaa vyakula vinavyouzwa kuwa na nyama ya aina moja tu, wakakuta ndani yake nyama ambazo hazikuandikwa kwenye mfuko. Dawa yake ni kununua paja zima au mnyama mzima, na kukata mwenyewe nyumbani kwa kisu na ubao visivyogusa nyama nyingine.

Jambo la pili ni undugu wa wanyama hawa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wako karibu kiukoo, na baadhi ya protini za damu zao zinafanana kiasi kwamba kinga ya mwili iliyofundishwa kumkataa mmoja inaweza kumkataa na mwingine. Maziwa ya ng'ombe yamo katika mkumbo huohuo. Ndiyo maana kwa mbwa mwenye mzio wa ng'ombe mimi simpendekezi mbuzi kama chaguo la kwanza, hata kama bei yake na upatikanaji wake vinavutia. Sungura yuko mbali zaidi kiukoo. Vivyo hivyo, mwenye mzio wa kuku asikimbilie bata mzinga, na kwa kanga awe na tahadhari ileile.

Chunguza pia nani mwingine anamlisha. Askari wa zamu humrushia mbwa mfupa kwa wema tu, na watoto humgawia kipande cha rolex (chapati iliyoviringishwa na yai), ambacho ndani yake kina ngano na yai pamoja. Wakalisheni wote na kuwaeleza; kila mtu wa nyumbani akishirikishwa, kazi hii huwa nyepesi.

MfugajiWaGulu ameandika:

Mkuu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naona umeipa nyama mbichi sura mbaya kuliko inavyostahili. Mbwa wa vijijini kwetu wamekula matumbo na mifupa mibichi tangu enzi za mababu, na ni nadra kumuona mbwa wa kijijini mwenye masikio yanayonuka. Nimesoma pia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland waliona kuwa mbwa waliolishwa vyakula vibichi wakiwa wadogo walikuwa na matatizo machache ya ngozi walipokua. Mimi mwenyewe nina mbwa mwenye mzio wa kuku na ngano, naye anaishi kwa sungura wabichi ninaowafuga mwenyewe, na ngozi yake ni safi. Sungura ninawachinja nyumbani, ninayatazama maini yao chini ya mwanga, na nikiona madoa meupe ninayatupa kwenye shimo refu, simpi mbwa. Nyama inagandishwa kwanza kabla ya kuliwa, na mbwa anapewa dawa ya minyoo kwa ratiba aliyotupangia daktari.

MfugajiWaMukono amejibu:

Kaka, nafurahi kwamba umeeleza namna unavyofanya, kwa sababu huo ndio uangalifu ninaoutamani kwa kila anayelisha mbichi. Unamfahamu mnyama, unajua alichokula, hakuna gogo la bucha, na dawa ya minyoo haisahauliki. Katika mazingira hayo sina sababu ya kukuambia uache.

Kuhusu utafiti wa Helsinki, ni kweli upo, na unastahili kusomwa. Ila ulitegemea majibu ya wenye mbwa kwenye hojaji, na unahusu chakula cha utotoni na matatizo ya ngozi yanayokuja baadaye. Hauonyeshi kwamba mbwa ambaye tayari ana mzio wa ng'ombe ataponywa kwa ng'ombe mbichi. Kinga inaweza kufaidika kwa kukutana na vitu vingi mapema. Mbwa aliyekwisha kuugua ni suala lingine.

Kuhusu mbwa wa kijijini, hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, na naomba mniruhusu nilieleze kwa kirefu. Kuna tegu mdogo sana, wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa bila kumdhuru kwa namna inayoonekana. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia yenye vifuko vya maji, na baada ya wiki 6 hivi huanza kutoa mayai ya tegu huyo katika kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo kupitia mikono, mboga au maji, vifuko hivyo humwotea ndani ya ini au mapafu, hukua polepole kwa miaka, na wakati mwingine hakuna njia isipokuwa upasuaji. Ugonjwa huu unafahamika sana Karamoja na kwa majirani zetu wa Turkana upande wa Kenya, kwa sababu huko mbwa, mifugo na watu huishi kwa ukaribu mkubwa. Lakini ng'ombe wa Karamoja hawabaki Karamoja. Husafirishwa na kuchinjwa kote nchini, na maini yaliyokataliwa na mkaguzi machinjioni ndiyo mara nyingi hutupwa au kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mbwa. Kwa hiyo ninasema bila kusita: maini, mapafu na bandama za ng'ombe, mbuzi na kondoo zichemshwe daima, hata kwa mfugaji ambaye nyama nyingine anaitoa mbichi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe na mbwa kabisa, kwani tumekuwa na milipuko ya kimeta nchini, na anayempasua mnyama huyo yuko hatarini kabla hata ya mbwa.

Dawa inayomuua tegu huyo ni prazikwanteli. Dawa nyingi za minyoo za bei nafuu madukani hazina kiungo hicho, kwa hiyo soma lebo. Kwa mbwa anayekula mbichi mara kwa mara, muulize daktari kuhusu kurudia dawa kila baada ya wiki 6, kwa sababu muda huo unamzuia tegu asifikie kutaga.

Kugandisha nako kuna mipaka yake. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 au zaidi huua vimelea vingi vilivyomo ndani ya nyama, lakini hakuui bakteria wa salmonela, kampilobakta wala wengine wa jamii hiyo. Hulala tu na kuamka nyama inapoyeyuka. Kisanduku cha barafu kilicho juu ya friji ndogo ya nyumbani mara nyingi hakifiki baridi hiyo. Umeme ukikatika usiku kucha na nyama ikayeyuka, usiigandishe tena ukaihesabu kuwa mbichi salama. Ipike siku hiyohiyo.

Dada_Ntinda ameandika:

Habari zenu. Niko Ntinda, nina mtoto mchanga, na mama yangu mzazi anaishi nasi akiwa anatumia dawa za muda mrefu. Mbwa wetu ni mdogo, ana miezi mitano, wa aina kubwa, na ameanza kujikuna. Kliniki moja imenishauri nifanye kipimo cha damu kitakachotaja vyakula vyote vinavyomdhuru, na mtu mwingine ameniuzia wazo la kutuma manyoya nje ya nchi yapimwe. Je, nifanye vipimo hivyo kisha nianze nyama mbichi?

MfugajiWaMukono amejibu:

Dada, fedha hizo zihifadhi. Vipimo vya damu, vya mate na vya manyoya kwa ajili ya mzio wa chakula havitegemeki kwa mbwa. Mbwa wenye afya hupata majibu ya kuwa na mzio, na wenye mzio hupata majibu safi. Kipimo cha damu kina nafasi yake katika mzio wa mazingira, daktari anapotaka kutengeneza sindano za kuuzoesha mwili, lakini kwa chakula njia inayoaminika ni lishe ya kuondoa na kurudisha.

Kuhusu nyama mbichi katika nyumba yako, jibu langu ni hapana. Mbwa anaweza kutoa salmonela katika kinyesi na mate bila yeye mwenyewe kuugua, na mtoto anayetambaa pamoja na mzee mwenye kinga dhaifu ndio watakaolipa gharama. Nasema hivyohivyo kwa nyumba yenye mjamzito, anayetibiwa saratani, au anayeishi na virusi vya UKIMWI. Nyama iliyochemshwa itampa mbwa wako faida ileile ya kuepuka kizio.

Naomba pia uzingatie umri wake. Mbwa mdogo wa aina kubwa anajenga mifupa kwa kasi, na nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi (kalsiamu) kidogo mno. Uwiano wa kalisi na fosforasi unatakiwa uwe kati ya 1 kwa 1 na 2 kwa 1. Mbwa mdogo akila nyama na viazi kwa wiki 8 bila kalisi, miguu inaweza kupinda na mifupa kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mbwa mzima anaweza kuvumilia upungufu mdogo kwa muda huo mfupi. Huyu wako hawezi. Kwake tafuta daktari akupangie mlo kamili, au utumie chakula maalumu cha mzio ambacho protini zake zimevunjwavunjwa kuwa vipande vidogo sana, ambacho hupatikana kupitia baadhi ya kliniki za Kampala ingawa bei yake ni ya juu.

Kwa wengine wenye mbwa wazima wanaotaka kuendelea na chakula cha nyumbani kwa muda mrefu, kibichi au kilichopikwa, hesabu hii iwasaidie. Mbwa mzima hula nyama na viungo vyenye uzito wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 25 atahitaji gramu 500 hadi 750, pungufu kama anapewa na viazi. Kama hapewi mifupa, kijiko kimoja cha chai cha unga wa ganda la yai kina takriban gramu 2 za kalisi na kinatosha takriban kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Mwenye mzio wa yai atumie unga wa kalisi wa dukani. Maini yasizidi asilimia 5 ya mlo, kwa sababu vitamini A ikizidi huwa sumu. Mifupa iliyopikwa isitolewe kamwe; huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Na liko jambo ambalo linasahaulika mno. Mlo wa nyama tupu wa muda mrefu huwa na upungufu wa zinki, madini joto, vitamini E na vitamini D. Upungufu wa zinki huleta magamba na ngozi nyekundu kuzunguka macho, mdomo na vidole, na mfugaji akiona hivyo hudhani mzio umerudi. Humwondolea mbwa chakula kingine tena, na upungufu unazidi. Nimeona hilo kwa mbwa wa jirani, na lilinisikitisha kwa sababu nia ya mwenye mbwa ilikuwa njema kabisa.

MvuviWaKasenyi ameandika:

Sisi huku kando ya ziwa tuna samaki kwa wingi. Mbwa wangu ana mzio wa ng'ombe na kuku. Naweza kumpa mputa (sangara), ngege au mukene wabichi? Tena msimu wa senene ukifika Novemba, je, hao wanaweza kuwa protini mpya kwake?

MfugajiWaMukono amejibu:

Mzee wangu, samaki ni chaguo zuri kwa mbwa wako, kwa kuwa wanaopata mzio wa samaki ni wachache na mafuta yake huisaidia ngozi. Ila wachemshe. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza. Moto huohuo huua na minyoo iliyomo nyamani. Mputa mpe minofu bila miiba. Ngege vilevile. Usitumie vichwa na matumbo vilivyokaa juani, kwa kuwa samaki aliyeanza kuharibika hujaa histamini, na histamini huleta mwasho kwa mbwa yeyote, awe na mzio au asiwe nao, nawe utaibebesha lawama nyama isiyo na kosa.

Mukene wa kuchemsha akiwa fresh hana tatizo. Yule mkavu wa kulishia mifugo, aliyeanikwa juu ya mchanga na kukaa ghalani kwa miezi, simshauri kwa mbwa mwenye mzio: ana mchanga, ana kuvu, na ana utitiri wa ghalani. Ni hivyohivyo kwa unga wa posho ulioota kuvu, ambao sumukuvu yake huharibu ini la mbwa na imewaua wengi.

Senene ni protini nzuri, lakini wana undugu wa protini na utitiri wa vumbi, kwa hiyo mbwa mwenye mzio wa utitiri anaweza kuwakataa hata kama hajawahi kuwaonja. Kama bado hujamaliza wiki 8 za majaribio, usimpe. Ukishamaliza, waingize peke yao kama chakula kingine chochote cha kujaribiwa, wakiwa wamenyonyolewa mabawa na miguu na kukaangwa bila kitunguu, kwa sababu senene wa kununua barabarani karibu wote wamechanganywa na kitunguu, nacho kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa.